Jana Ina Maumbo Mangapi? Vitenzi vya Wakati Uliopita kwenye Mwambao wa Rumonge



Makala ya leo yanahusu jana. Hayahusu neno lenyewe, bali kitenzi kinachofuatana nalo. Chukua sentensi fupi ambayo mvuvi yeyote wa Rumonge aweza kuitamka asubuhi anaposhusha ndagala na mikeke kutoka mtumbwini: "Jana usiku nilikwenda ziwani." Mvuvi huyohuyo akiwa nyumbani huisema kwa Kirundi, na kitenzi chake huwa "nagiye". Mwanawe akiwa darasani huiandika kwa Kifaransa: "je suis allé". Saa inayofuata, mwalimu wa Kiingereza humtaka mtoto aiandike mara ya nne, na jibu linalotakiwa ni "I went".

Hapo mtoto husita. Kitenzi alichofundishwa ni "go". Ameambiwa pia kwamba Kiingereza hujenga wakati uliopita kwa kuongeza "-ed" mwishoni, kama katika "work" na "worked". Basi huandika "goed", na daftari hurudi likiwa na mstari mwekundu. Hakuna herufi hata moja ya "go" iliyomo ndani ya "went". Ni kama mtu aliyeingia nyumbani kwa mlango wa mbele akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa mtu mwingine kabisa.

Waalimu wengi humwambia mtoto huyo akariri tu, kwa kuwa Kiingereza hakina sababu. Mimi nitakuomba usilikubali jibu hilo. Sababu ipo, nayo ni ya kihistoria. Tukiifuata tutajifunza jambo kuhusu Kiingereza, jambo kubwa zaidi kuhusu Kiswahili unachojifunza, na mwishoni jambo linalowagusa raia wa mwambao huu kuliko mtihani wowote.

Lugha nne kwenye ufuo mmoja

Tuanze na mahali. Rumonge ni mji wa Burundi ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Mwaka 2015 ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo. Mwaka 2025, mikoa 18 ya nchi ilipopunguzwa kuwa 5, Rumonge ikawekwa katika mkoa wa Burunga. Nyuma ya mji kuna mashamba ya michikichi yanayotoa mawese, na mbele yake kuna ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, linalopakana na Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Ukifuata barabara ya kusini utafika Nyanza-Lac, kisha mpaka wa Tanzania.

Kirundi kilikuwapo kabla ya wageni wote. Kiswahili kilifika kwa mitumbwi na misafara. Ujiji, ng'ambo ya kusini mashariki, ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya biashara iliyotoka Bagamoyo, na wafanyabiashara wake walisafiri ziwani kutafuta pembe za ndovu, chumvi, mawese, na kwa bahati mbaya kubwa, watumwa. Richard Burton na John Speke walipita ziwani humo mwaka 1858 wakielekea Uvira. Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley, wakitokea Ujiji, walifika kaskazini kabisa na kuthibitisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani badala ya kutoka. Jiwe kubwa la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, lina majina yao na tarehe 25 Novemba 1871.

Wamisionari wa Kikatoliki, wale Mababa Weupe, walijaribu kuanzisha kituo Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa hapo, na kituo kikafungwa. Katika miaka hiyo Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, alijaribu kueneza mamlaka yake mwambaoni, lakini mfalme Mwezi Gisabo hakumruhusu kupanda milimani. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili cha Burundi kina makao yake chini, kandokando ya maji na katika miji: Rumonge, Nyanza-Lac, na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura.

Wajerumani walipoitawala nchi walitumia Kiswahili katika utawala wao wa Afrika Mashariki yote. Wabelgiji walioichukua nchi mwaka 1916 walikipendelea Kifaransa katika ofisi na shule za juu, na Kirundi katika madarasa ya mwanzo. Kiingereza kilichelewa sana. Burundi ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 18 Juni 2007, na uanachama wake ukaanza Julai mosi mwaka huohuo. Mkataba wa Jumuiya hiyo, uliotiwa saini mwaka 1999, ulisema Kiingereza ndicho lugha rasmi, na Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu. Kwa hiyo Kiingereza na Kiswahili vikaingizwa pamoja katika ratiba ya shule za msingi, na mwaka 2014 sheria ya lugha ikakipa Kiingereza hadhi rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa.

Tazama basi mzigo wa mtoto wa Rumonge: lugha nne, na kila moja ina njia yake ya kusema kwamba jambo limekwisha kutendeka.

Kwa nini "went"?

Sasa turudi kwenye kitenzi chetu. Kiingereza ni jamaa wa Kijerumani na Kiholanzi. Katika umbo lake la kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vitenzi vyake vingi havikuongezwa kitu mwishoni ili kuonyesha wakati uliopita. Vilibadilisha irabu ya ndani. Mabaki ya utaratibu huo unayaona katika "sing, sang, sung" na "drink, drank, drunk". Wakati huo hivi havikuwa vitenzi vya ajabu. Vilifuata kanuni, tena kanuni zenye makundi yanayojulikana. Utaratibu wa kuongeza mwishoni, ambao leo ni "-ed", ulikuwapo pia, na kidogo kidogo ukashinda. Kila kitenzi kipya kilichoingia, hasa vile vingi vilivyotoka Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, karibu kila mara kiliwekwa upande wa "-ed". Vile vya zamani vikapungua, na kwa kuwa vimekuwa wachache, sisi tunaviita vitenzi visivyo vya kawaida.

"Go" ina historia ya peke yake. Hapo kale wakati wake uliopita ulikuwa "eode", neno ambalo halikufanana nayo hata hivyo. Kulikuwa na kitenzi kingine, "wend", chenye maana ya kushika njia, na wakati wake uliopita ulikuwa "went". Kufikia karne ya 15 Waingereza walikuwa wameiacha "eode" na kuazima "went" kutoka kwa jirani. "Be" nayo imekusanywa kutoka mizizi mitatu tofauti: mmoja umetoa "am" na "is", wa pili "was" na "were", wa tatu "be" na "been".

Mwaka 2007, mwaka uleule Burundi ilipoingia katika Jumuiya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Erez Lieberman walichapisha hesabu ya kuvutia. Walikusanya vitenzi 177 vilivyokuwa na maumbo yasiyo ya kawaida katika Kiingereza cha kale. Katika Kiingereza cha karne za kati, 145 kati ya hivyo vilikuwa bado hivyo. Leo vimebaki 98. Vilivyonyooshwa ni vile visivyotumika mara nyingi: kitenzi kinachotumika mara 100 chini ya kingine hunyooka kwa kasi mara 10 zaidi. "Help" ni mfano mzuri. Zamani wakati wake uliopita ulikuwa "holp", leo ni "helped". Kwa upande mwingine, vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza vyote si vya kawaida, vikiwamo "be", "have", "do", "go", "say", "see" na "take".

Sababu yake si fumbo. Umbo la ajabu ni lazima likumbukwe, na hukumbukwa kwa kusikiwa. Neno linalosikiwa kila siku hulindwa na masikio ya watu. Neno linalosikiwa mara moja kwa mwaka husahaulika, na anayelihitaji hulijenga upya kwa kanuni anayoijua. Mtoto wa Rumonge anayeandika "goed" anafanya jambo lilelile ambalo Waingereza wenyewe walilifanya kwa "holp": ameijua kanuni, ameitumia. Kilichomponza ni kwamba amekutana na neno linalotumika mno kiasi cha kukataa kunyooshwa. Mwalimu mwenye busara atamsahihisha bila kumdharau, maana kosa lake ni dalili ya akili inayofanya kazi.

Na Kiswahili je?

Huenda wewe, msomaji, unatabasamu na kushukuru kwamba Kiswahili hakina mambo hayo. Kweli, Kiswahili ni chepesi katika jambo hili: "-li-" huwekwa kati ya nafsi na mzizi, na kazi imekwisha. Nilisoma, ulisoma, alisoma. Lakini chunguza vitenzi vyetu vinavyotumika zaidi, uone kama navyo havijakataa kunyooshwa.

Kuna vitenzi vyenye mzizi wa silabi moja: kula, kunywa, kuja, kufa, kuwa, na vichache vingine. Kwa kanuni tungetarajia "nilila" na "nilija". Tunasema "nilikula" na "nilikuja", yaani "ku" ya mwanzo haidondoki. Lakini katika kukanusha tunasema "sikula", "sikuja", wala hatusemi "sikukula". Katika usimulizi tunasema "nikala", "nikaja". Na mazoea yanasemwa kwa "hula" na "huja". Sababu ni mkazo wa sauti. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi "-li-", "-me-", "-na-" na "-ta-" havibebi mkazo huo. "Ku" hukaa pale kuubeba. Viambishi "-ka-", "-ki-", "hu-" na "-ku-" ya kukanusha vinaweza kuubeba, basi havihitaji msaada.

"Kwenda" na "kwisha" vina silabi mbili, lakini mara nyingi hufuata desturi hiyo: "nilikwenda" na "nilienda" vyote husikika, na vyote ni sahihi. Unaona hapo kitenzi kikiwa katikati ya safari yake ya kunyooka. Angalia pia amri. Kutokana na "soma" na "andika", tungetarajia "ja!" kwa kuja, tunasema "njoo". Katika Kiswahili kinachosemwa Kongo ya mashariki na hata Nairobi utasikia "kuja hapa!", kwa kuwa wasemaji wameanza kulinyoosha umbo hilo gumu. Hakuna tofauti kubwa kati yao na mtoto wa "goed".

Hata viambishi vyetu vina historia. "-li-" ilikuwa kitenzi chenye maana ya kuwa, na bado unakiona kikiwa hai katika "aliye hai" au "nilipo". Ndugu yake wa Kirundi ni "-ri": Mrundi anaposema "ari" ana maana ya "yupo" au "ni". "-me-", kwa maoni ya wanaisimu wengi, ni mabaki ya kitenzi "kumala", kile kilichozaa "kumaliza". Hivyo anayesema "nimekula" alisema hapo zamani kitu kama "nimemaliza kula". Ndiyo maana "-me-" hadi leo haituambii tu kwamba jambo lilitendeka, bali kwamba matokeo yake yapo.

Zingatia basi ngazi hizi nne, kwa sababu tutazihitaji:

"Alikuja" husema kwamba tendo lilitokea wakati fulani uliopita, na halisemi kama mtu huyo bado yupo. "Amekuja" husema tendo limetendeka na yupo hapa. "Akaja" huunganisha tendo na lililotangulia katika mfuatano wa habari. "Hajaja" husema tendo halijatokea hadi sasa, na linaweza bado kutokea. Tofauti yake na "hakuja" ni kubwa, maana "hakuja" hufunga mlango.

Sikio la mtoto wa Kirundi

Kabla hujamhurumia mtoto wa Rumonge, kumbuka kwamba lugha ya mama yake imemwandaa. Kirundi hujenga tendo lililotimia kwa "-ye" mwishoni, na "-ye" hiyo hubadilisha konsonanti iliyo mbele yake. Kutoka "kuvuga", yaani kusema, tunapata "navuze". Kutoka "gukora", kufanya kazi, "nakoze". Kutoka "kugura", kununua, "naguze". Kutoka "guteka", kupika, "natetse". Kutoka "kubona", kuona, "nabonye". Isitoshe, Kirundi hutofautisha yaliyopita leo na yaliyopita kabla ya leo, na tofauti hiyo hubebwa na toni ya sauti ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi.

Mtoto mwenye umri wa miaka mitano mwambaoni anayamudu haya yote bila jedwali. Anajua tayari kwamba kitenzi kikipita kuelekea jana huweza kubadilika sura. Mwalimu anayemwekea mbele "speak, spoke, spoken" angefanya vyema kumwambia: wewe husema "kuvuga" na "navuze", Waingereza nao wana yao. Daraja hilo liko tayari, ila ni wachache wanaolivuka, kwa kuwa tumezoea kufundisha kila lugha kana kwamba zile nyingine tatu zimeachwa nje ya mlango wa darasa.

Vivyo hivyo kuhusu namna ya kujifunza. Jedwali linalopangwa kwa alfabeti humkutanisha mwanafunzi na "arise" kabla ya "go", na huvunja undugu wa maneno. Ni afadhali kuvipanga kwa koo zake. "Sing, drink, swim, begin, ring" ni ukoo mmoja. "Keep, sleep, weep, feel, leave" ni wa pili: "kept, slept, wept, felt, left". "Buy, bring, think, teach, catch" ni wa tatu: "bought, brought, thought, taught, caught". "Know, grow, throw, blow" ni wa nne. "Cut, put, shut, hit" havibadiliki kabisa, na mwanafunzi huvipenda mara moja. Anza na vile vinavyotumika kila siku, kisha visimulie, usiviimbe tu. Kitenzi kilichosimuliwa ndani ya habari hukaa moyoni kuliko kilichokaririwa katika safu tatu.

Yaliyopita si ndwele?

Sasa nifike pale nilipokuwa naelekea. Methali yetu husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema kwa ndugu wawili waliogombana kwa neno. Kwa mwambao wa Rumonge haitoshi.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa. Waasi waliwaua watu wengi, hasa Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa, yakiwalenga Wahutu, na kwa namna ya pekee waliosoma: waalimu, wanafunzi, watumishi wa serikali. Makadirio ya waliokufa hutofautiana. Mengi huanzia 100,000 na kupita 200,000. Warundi huuita wakati huo Ikiza. Watu wa mwambao walivuka kwa mitumbwi na kwa miguu kwenda Kongo na Tanzania. Nchini Tanzania wengi waliishia kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima na kuzaa watoto huko.

Watoto hao walisoma katika shule za Tanzania: msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Miaka 35 baadaye, makazi hayo yalipokuwa yakifungwa, zaidi ya watu 50,000 walichagua kurudi Burundi kuanzia mwaka 2008, na wengine zaidi ya 160,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Waliorudi mwambaoni walikutana na mambo mawili. La kwanza lilikuwa shule: kijana aliyeweza kuandika "I went" na "nilikwenda" bila kosa aliketi katika darasa lililofundishwa kwa Kifaransa, akaonekana mjinga. La pili lilikuwa ardhi. Mashamba waliyoyaacha yalikuwa na watu wengine, baadhi yao wakiwa wamegawiwa na serikali au wameyanunua kwa karatasi halali, na mengine yalikuwa yameingizwa katika mashamba ya michikichi.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulikuwa umeahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali yao, na pale isipowezekana walipwe fidia. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ili kusikiliza migogoro. Na hebu fikiri, msomaji: katika mgogoro wa namna hiyo, ambako hati zimeungua au hazikuwahi kuwapo, ushahidi ni nini? Ni vitenzi vya wakati uliopita.

Chukua mfano wa kubuni. Mzee anasema: "Baba aliondoka mwaka 1972." Jirani yake anasema: "Baba yao alifukuzwa mwaka 1972." Tofauti ni ya silabi chache, lakini ya kwanza yaweza kusomwa kuwa mtu aliliacha shamba kwa hiari, na ya pili kuwa alinyang'anywa. Mtu wa tatu anasema: "Tumelima hapa tangu 1974." Hiyo "-me-" inasema bado yupo na bado analima. Akisema "tulilima hapa", amejiondoa shambani kwa ulimi wake mwenyewe. Na anayesema "hatujalipwa fidia" anadai. Anayesema "hatukulipwa fidia" anaonekana amekubali kwamba jambo limefungwa. Naye anayeeleza mauaji atahitaji kujua kwamba kauli ya kutendwa ya "kuua" ni "kuuawa", umbo lisilofuata mazoea, kama vile maumbo mengine ya maneno mazito.

Kiingereza nacho kimo katika habari hii. Wakimbizi waliokimbilia Tanzania walihojiwa na maafisa wa mashirika ya kimataifa kupitia wakalimani, na majalada mengi yaliandikwa kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyokuwa tena kwa waliokimbia mwaka 2015, wale ambao meli ya kale Liemba iliwachukua kutoka ufuo wa Kagunga hadi Kigoma. Sasa orodhesha vitenzi ambavyo mkimbizi anavihitaji ili kusimulia maisha yake: "leave", "flee", "run", "lose", "hide", "sleep", "find", "take", "give", "sell", "buy", "build", "come", "go". Havipo vinavyokubali "-ed" hata kimoja. Ni "left, fled, ran, lost, hid, slept, found, took, gave, sold, bought, built, came, went". Wakati "die", kufa, ni kitenzi cha kawaida kabisa: "died".

Unaona sasa kwa nini nasema hili si suala la mtihani tu. Lugha imehifadhi maumbo yake ya kale katika vitenzi ambavyo wanadamu hawakuacha kuvitumia kwa miaka elfu, yaani vitenzi vya kuondoka na kurudi, kupata na kupoteza, kulala na kuamka. Mkimbizi na mkalimani wake wanaviendea haraka, na ndivyo vinavyoweza kuwaponyoka. Mkalimani anayechanganya "we have lost the land" na "we lost the land", au "they took" na "they were taken", amebadilisha maisha ya watu bila kukusudia.

Ni wajibu wa raia, basi, kujua kusema jana yake kwa usahihi, katika lugha ya nyumbani kwanza, kisha katika lugha za ofisi zinazoandika majalada. Na ni wajibu wa shule kutomdharau mtoto aliyeijua jana kwa lugha moja na bado hajaijua kwa nyingine. Zingatia "hajaijua": mlango uko wazi.

Zoezi

1. Andika habari fupi ya sentensi sita kuhusu safari ya ziwani, ukianza na "-li-" na kuendelea na "-ka-". Tumia kula, kunywa, kuja na kwenda, na uangalie ni wapi "ku" inabaki na wapi inaondoka.

2. Eleza tofauti ya maana kati ya "hawakurudi" na "hawajarudi" kwa mtu anayemngojea ndugu aliyevuka ziwa.

3. Mwulize mzee mmoja wa familia yako jambo lililotokea kabla hujazaliwa. Liandike kama alivyolisema, kitenzi kwa kitenzi. Kisha litafsiri katika lugha nyingine unayoijua, umsomee, na umwache yeye aamue kama umesema alichokisema.